Mashine ya Kupimia Gari: Ulizia Kwanza Kama Inaisoma Toyota ya Japani

Malalamiko ninayoyapokea kutoka Unguja na Pemba yamefanana mno, na sasa nimeona ni bora niyajibu kwa pamoja. Mtu ana Toyota IST au Noah, taa ya cheki injini imewaka, fundi anachomeka mashine chini ya usukani, kioo kinaandika kuwa mawasiliano yameshindikana, na papo hapo hukumu inatolewa kwamba kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Mwenye gari anahangaika kutafuta kontrol boksi ya mtumba, na ikishafungwa, gari yenye ulinzi wa ufunguo haiwaki kabisa, kwa kuwa boksi hiyo haiutambui ufunguo wake. Mara nyingi ile ya awali ilikuwa nzima, na iliyoshindwa ni mashine.

Mfumo wa OBD2, yaani utaratibu wa pamoja wa gari kuzungumza na mashine ya kupimia, ulilazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Gari zetu nyingi hazikutengenezwa kwa masoko hayo. Zilitumika Japani kabla ya kushushwa hapa. Toyota nyingi za Japani za miaka ya mwanzo ya 2000 zina soketi ileile ya pini 16, lakini kompyuta zake huwasiliana kwa utaratibu wa Toyota wenyewe, na mashine inayojua OBD2 ya jumla peke yake haipati jibu. Kinachowahadaa watu ni kwamba soketi inaingia barabara na mashine inawaka, kwa sababu pini ya 16 inatoa umeme wa betri moja kwa moja, ingawa hakuna mazungumzo yoyote yanayoendelea.

Kwa hiyo mimi sianzi na ukubwa wa kioo wala wingi wa lugha. Ninafungua orodha ya Toyota na kutazama kama kuna mahali pa kuchagua soko la Japani. Kwa kigezo hicho, chaguo langu la kwanza ni Autel MK808, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii. Inaingia katika mifumo yote ya gari, inaonyesha vipimo vya sensa injini ikiwa inanguruma, na matoleo yake mapya kama MK808S yanaweza kuamrisha feni au pampu ya mafuta ifanye kazi ili fundi ajue tatizo liko kwenye kifaa chenyewe au kwenye waya. Masasisho ya bure yana ukomo, lakini muda ukiisha mashine inaendelea kufanya kazi.

Ya pili ni Launch CRP123, inayosoma injini, giaboksi, breki za ABS na mifuko ya hewa. Inamtosha mwenye gari yake, ila haiamrishi vifaa. Mwenye kompyuta ya mkononi na Toyota pekee anaweza kutumia programu ya Techstream pamoja na waya wa Mini-VCI, kwani hiyo ni programu ya Toyota wenyewe. Vile vidude vidogo vya ELM327 vinavyounganishwa na simu nimeviweka mwisho. Vingi ni bandia.

Hata mashine nzuri ikikosa jibu, kontrol boksi isihukumiwe bado. Washa swichi bila kuwasha injini na uitazame taa ya cheki injini. Isipowaka kabisa, kagua fyuzi na relei ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwenye injini), kisha nyaya za ardhi, ambazo kwa hewa yetu ya chumvi hufanya kutu ya kijani kwenye boliti hadi umeme ukakosa njia. Baada ya hapo chomoa moja moja sensa zinazopokea volti 5 kutoka kontrol boksi, kama ile ya throtoli. Sensa moja ikipiga shoti inaweza kuuangusha umeme huo wote na kuizima kompyuta, na taa ikirudi mara tu ulipoichomoa, basi umempata mkosaji kwa bei ya sensa.

Nalaumu sana namna biashara hii inavyoendeshwa. Boksi la mashine linaandikwa kwamba inasoma magari yote, muuzaji anakataa lifunguliwe kabla ya malipo, na likishafunguliwa halirudishwi. Walioko Wete na Chake Chake wanaumia zaidi, maana wanatuma pesa kwa simu na mzigo unawafikia kwa boti ilhali hakuna aliyeujaribu. Usilipe kabla mashine haijachomekwa kwenye gari yako, na kama uko mbali, dai video inayoonyesha ikisoma gari ya aina na mwaka kama wako, pamoja na vipimo vya sensa vikibadilika injini inapokanyagwa mafuta. Muuzaji asiyekubali hilo, mwache na mashine yake.