REXX yako imetoka laibrari gani? PARSE SOURCE au ISRDDN

Juzi nimekaa barazani hapa Mkomani, Lamu, laptopu mapajani, nimeingia meinfremu, ile kompyuta kubwa ya kazini, narekebisha skripti ya REXX (lugha ya skripti ya huko) mara tatu na majibu ni yale yale ya zamani, kumbe inayoran ni kopi nyingine kabisa! Iliniuma, jamani.

PARSE SOURCE ni mstari mmoja tu, unauweka ndani ya skripti yenyewe. Neno la 3 ni jina la skripti, la 4 ni DD ilikotoka (jina linaloelekeza kwenye daseti moja au zaidi), la 5 ni daseti (faili la meinfremu, hapa laibrari ya skripti). Naipenda sababu skripti inajisemea yenyewe. Tatizo ukiita skripti kwa jina tupu, unapata SYSEXEC (DD ya kawaida ya skripti za REXX) halafu daseti inakuja alama ya kuuliza, na SYSEXEC inaweza kubeba daseti kumi zimepangwa foleni, sasa ni ipi?

Hapo ndo ISRDDN inapokuja. Ukiwa ISPF (menyu za skrini za meinfremu) andika TSO ISRDDN, kisha MEMBER na jina la skripti, inakuonyesha kila daseti iliyounganishwa na sesheni yako yenye memba huyo (yaani skripti ya jina hilo), na ndani ya DD moja ya juu ndo inayochukuliwa. Mimi ndo ilinitoa. Ila angalia, inaonyesha hali ya sasa hivi, mtu akiongeza kopi juu baada ya yako kuanza utadanganyika, na kama kuna ALTLIB (amri ya kubadilisha laibrari zinazotafutwa) foleni inabadilika.

Kwa hiyo mi naanza na PARSE SOURCE nijue DD, kisha ISRDDN nipate daseti. Kwenye bechi (kazi inayojiendesha yenyewe) hamna skrini, basi LISTALC STATUS (amri ya kuorodhesha DD na daseti zake) uinase kwa OUTTRAP, inayoshika matokeo ya amri, upitie daseti za DD hiyo moja moja na SYSDSN, inayoangalia kama memba yupo, mpaka ya kwanza kujibu OK.