Baraza huru la wataalamu au kamati ya gavana?

Uskoti hupata ushauri wa tabianchi kutoka kwa Kamati ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Uingereza, chombo huru kilichoundwa kwa sheria ya 2008. Kaunti nyingi za Kenya zina kamati elekezi ya tabianchi inayoongozwa na gavana, na chini yake kamati za wadi.

Nguvu ya wataalamu huru ni kusema hadharani lisilopendeza. Uskoti ilijifunga kisheria kupunguza gesi joto kwa 75% kufikia 2030, ikilinganishwa na 1990. Machi 2024 kamati ikatangaza kuwa lengo hilo halifikiki tena. Mwezi uliofuata serikali ikakiri, na kabla ya mwaka kwisha Bunge la Uskoti likaondoa malengo ya kila mwaka, likaweka bajeti za kaboni, yaani kikomo cha gesi joto zinazoruhusiwa, za miaka 5. Hata hivyo kamati hushauri tu. Haina fedha za miradi wala haimlazimishi waziri.

Kamati ya gavana iko karibu na bajeti. Wadi ikipendekeza bwawa la mchanga, yaani ukuta mtoni unaokusanya mchanga wenye kuhifadhi maji, linaweza kujengwa. Tatizo ni kwamba anayepanga miradi ndiye anayeikagua.

Kaunti isivunje kamati yake. Iongeze jopo dogo la wataalamu lenye sekretarieti yake, muhula usiogongana na uchaguzi, na haki ya kuchapisha ripoti bila idhini ya gavana. Muhimu zaidi, sheria imtake gavana ajibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, kila pendekezo na jibu lake. Kipengele hicho kikikosekana, ripoti huishia kabatini.