Kununua Luninga kwa Nyumba Yenye Watoto: Ipi Ina Kufuli la Kutegemewa?

Anayeingia dukani kununua luninga huulizwa kwanza anataka inchi ngapi, kisha ana bajeti gani, na akishaonyeshwa uang'avu wa kioo mazungumzo huwa yamekwisha. Ni nadra kumsikia mteja akiuliza kufuli la watoto liko wapi kwenye menyu na linafunga nini hasa, ingawa mwenye watoto wadogo atalihitaji kila siku kwa miaka yote ambayo chombo hicho kitakaa sebuleni. Mwongozo huu unazipanga luninga kwa kigezo hicho kimoja.

Kosa la wazazi wengi, ambalo nami nililifanya, ni kudhani kwamba ukifunga chaneli kwenye menyu ya luninga umefunga kila kitu. Picha huingia sebuleni kwa milango minne: antena, king'amuzi kilichochomekwa kwenye tundu la HDMI, programu za intaneti, na flashi. Kufuli la chaneli huzihusu zile tu ambazo luninga yenyewe inazinasa. Chaneli za king'amuzi halizifikii, kwa kuwa kwa luninga king'amuzi ni picha moja tu inayopita kwenye tundu. Nilifunga chaneli tatu jioni moja nikalala nikiwa nimetulia, na kesho yake nikamkuta mwanangu wa miaka 7 akitazama filamu ya mauaji kupitia king'amuzi, wala hakuwa amevunja kufuli lolote.

Kwa sababu hiyo naziweka nafasi ya kwanza luninga za LG zinazotumia mfumo wa webOS. Katika sehemu ya usalama ya menyu yake mzazi anaweza kufunga chaneli, kufunga programu mojamoja, na pia kufunga matundu ya kuingizia picha, hata king'amuzi kisionekane mpaka namba ya siri iandikwe. Kwa familia ambayo king'amuzi ndicho kinachotumika zaidi, uwezo huu wa mwisho una thamani kuliko inchi kumi za ziada. Kuhusu flashi, nenda dukani na ya kwako yenye filamu, uombe ichomekwe baada ya kufuli kuwekwa, ujionee mwenyewe.

Nafasi ya pili ni ya luninga zenye mfumo wa Google TV, zikiwamo nyingi za TCL na Sony. Hizi huruhusu kumfungulia mtoto wasifu wake (profile), yaani ukurasa wake mwenyewe wa kuingilia, ukamchagulia programu atakazoziona, ukampangia muda wa kutazama kwa siku na saa ya kulala, na hawezi kutoka humo ukiwa umeweka namba ya siri. Kwa nyumba inayoishi kwa intaneti ningezipandisha hadi nafasi ya kwanza bila kusita. Hata hivyo, kila programu ina mlango wake wa ndani: wasifu wa mtoto kwenye Netflix hausaidii kitu ikiwa wasifu wa baba uko wazi pembeni yake, hivyo wasifu wa watu wazima nao uwekewe namba ya siri ya tarakimu 4 kupitia tovuti ya Netflix.

Samsung ni ya tatu. Inafunga chaneli na programu vizuri, lakini kwenye king'amuzi utategemea kufuli la king'amuzi chenyewe.

Ya nne ni luninga ya kawaida isiyo na intaneti, ambayo wengi huidharau. Kwa mwenye watoto wa chini ya miaka 6 na fedha kidogo, mimi naiona kuwa ununuzi wa busara, kwa sababu mlango wa intaneti haupo, na inabaki mitatu tu ya kulinda: antena, king'amuzi na flashi. Namba ya siri ya king'amuzi huwekwa kwenye menyu yake, na kwenye DStv unaweza kuzuia vipindi kwa umri, kwa mfano vya 16 na 18, badala ya kufunga chaneli nzima. Usitegemee saa peke yake. Nchini Kenya kanuni zinavitaka vituo visirushe maudhui ya watu wazima kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku, lakini kanuni hiyo haigusi flashi wala programu za intaneti.

Ya mwisho kabisa ni visanduku vya Android vya kuchomeka kwenye luninga, vya bei rahisi na visivyo na jina linalojulikana, ambavyo huuzwa vikiwa vimejazwa programu ambazo hakuna anayejua zimetoka wapi. Sishauri kuvinunua kwa nyumba yenye mtoto.

Luninga yoyote ya intaneti utakayochagua, kuna kinga isiyogharimu chochote: ingia kwenye mipangilio ya ruta yako, na mahali pa DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti) andika 1.1.1.3 na 1.0.0.3, anwani za Cloudflare zinazozuia tovuti za ngono kwa kila kifaa kinachotumia mtandao huo. Haitachuja video zilizo ndani ya YouTube. Huko washa hali yenye vizuizi (Restricted Mode) ndani ya programu yenyewe, ukijua kwamba nayo huponyokwa na baadhi ya video.

Kabla ya kutoka dukani, badilisha namba ya siri iliyotoka kiwandani, maana ya Samsung na ya LG mara nyingi ni 0000, na watoto wa shule wanaifahamu. Usichague mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, na unapoiandika nyumbani, elekeza rimoti ukiwa umeificha kwa mkono wa pili.