Simu ya bakelaiti yenye kufuli: uzoefu wangu wa miezi minane

Niliinunua kwa sababu ya kufuli. Simu nyeusi za kuzungusha nimeshaona nyingi, na mbili ninazo nyumbani, lakini hii ilikuwa na kufuli dogo la mviringo, saizi ya kifungo cha koti, limeingizwa kwenye tundu la namba 1. Muuza vyuma chakavu mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alikuwa ameirundika pamoja na feni bovu na pasi za mkaa. Akaniambia imetoka ofisi ya shamba la mkonge. Ufunguo? Hakuna. Akataka 120,000. Nikamwambia, kaka, simu yenyewe imefungwa, nikishainunua nitampigia nani? Akacheka, tukamalizana kwa 70,000.

Kwa ambaye hakuwahi kuishi na simu hizi: ukitaka kupiga 7 unaingiza kidole kwenye tundu la 7, unavuta duara kuelekea kulia mpaka kidole kigonge kile kichuma cha kukizuia, kisha unaachia. Kufuli likikaa kwenye tundu la 1, lenyewe ndilo linalokigonga kichuma kwanza, na duara linagoma hapo hapo. Kwa hiyo namba pekee unayoweza kupiga ni 1. Simu ikiingia unapokea kama kawaida. Mabosi waliyapenda sana makufuli haya, maana bili ilikuwa inakuja kwa jina la ofisi na makarani walikuwa na ndugu mikoani.

Nilipofika nyumbani niliigeuza kwanza. Kwenye kitako imegongwa namba 332. Hiyo ni ile simu ambayo Posta ya Uingereza, GPO, ilianza kuitoa mwaka 1937, umbo lake likitokana na simu ya Ericsson iliyochorwa na msanii wa Norway, Jean Heiberg, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ndio maana imetulia hivi, mabega mapana, shingo fupi. Kengele iko ndani ya mwili wake. Kabla ya hapo mara nyingi kengele ilikaa kwenye sanduku lake peke yake ukutani. Chini kwa mbele kuna kidroo chembamba cha kuwekea orodha ya namba. Changu kilikuwa kimekwama kwa uchafu. Nilipokitoa kwa kisu cha mezani nikakuta karatasi imegeuka rangi ya chai, wino umekufa, neno linalosomeka ni moja tu: Stesheni.

Jambo la pili ninaloliangalia siku zote ni herufi kwenye duara la namba. Duara la Kiingereza la zamani lina MN peke yake kwenye 6, na O imehamishiwa kwenye sifuri, ikikaa na Q. Ukikuta MNO kwenye 6, duara limetoka kwingine au limebadilishwa. Hili langu ni la asili.

Nalisisitiza hili kwa sababu nilishaumia. Mwaka juzi niliagiza kwa picha, kutoka kwa muuzaji mmoja wa mjini Dar, simu ya shaba "ya enzi za mkoloni", 250,000, na nauli ya basi juu yangu. Ilipofika nikaivua karatasi nikaona inang'aa kuliko sinia la harusi. Nikaigeuza: skrubu za nyota tupu. Simu za GPO za miaka ile zinafunguliwa kwa bisibisi bapa. Nikazungusha duara, halizunguki. Matundu yale ni vitufe vya kubonyeza vilivyopangwa kwa mviringo. Na nyuma kuna tundu la plastiki la waya wa kisasa. Ilikuwa pambo lililotengenezwa majuzi. Nilipompigia muuzaji akaniambia, "Bosi, mimi nilisema ya kizamani, sikusema ya zamani." Ile simu iko juu ya kabati la mama, anaifuta vumbi kila Ijumaa na anaipenda. Mimi siitazami.

Bakelaiti yenyewe sasa. Ni plastiki ngumu ya zamani, iliyobuniwa na Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, mwaka 1907. Ikishaganda haiyeyuki tena hata kwa moto, ila ikidondoka sakafuni hupasuka kama chungu. Namna ya kuitambua ni kuisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto, halafu unuse: hutoa harufu kali ya dawa, kama ya zahanati za zamani. Yangu ilinukia hivyo na fundi wangu akanisema nimeanza kunusa vyombo kama paka. Ina ufa mmoja mfupi karibu na tundu la waya, ambao muuza chakavu aliuficha kwa kiwi ya viatu. Sikukasirika, kwa bei ile ufa ulikuwa haki yake.

Kuisafisha kulinichukua jioni tatu. Maji ya uvuguvugu kidogo na sabuni kwenye kitambaa kilichokamuliwa, kamwe usiiloweke, halafu Brasso kidogo kidogo kwa mviringo. Ule weusi unarudi pole pole mpaka unajiona uso. Waya wa mkono wa simu ni wa kamba ya kusuka, rangi ya kahawia. Wengi wanautupa na kuweka wa plastiki wa kujikunja. Mimi nimeubakiza, umechanika nyuzi mbili tatu, nikazifunga kwa uzi wa cherehani.

Ndani hakukuwa na kutu ya kutisha. Kapasita ilikuwa nzima, fundi aliipima. Tatizo lilikuwa kwenye kinasa sauti. Mle ndani ya mkono wa simu kuna kidonge chenye punje za kaboni: ukiongea, sauti inazibana na kuziachia, na umeme unaopita hapo unafuata sauti yako. Zikikaa miaka bila kutikiswa zinashikamana, sauti inakuwa kama ya mtu aliyeziba mdomo kwa kanga. Dawa yake ni kuugonga ule mkono kwenye kiganja mara kadhaa. Niligonga, nikapata sauti. Si safi, ina mkwaruzo, lakini maneno yote yanasikika.

Sasa, laini. Nyumbani kwetu waya wa simu ulishakatwa siku nyingi, nguzo yenyewe imebaki ya kuanikia nguo. Nilinunua Grandstream HT802, adapta ya kuunganisha simu ya mezani na intaneti: kisanduku kidogo cheupe chenye matundu mawili ya simu na moja la waya wa intaneti. Kilinigharimu zaidi ya mara mbili ya simu yenyewe, na hapa ndipo ninapowaonya wenzangu: bajeti ya simu ya zamani si simu, ni hivi vidubwasha vya kuifufua. Adapta nyingi za rahisi hazielewi duara la kuzungusha. Zinangoja mlio wa vitufe. Duara halitoi mlio wowote, linakatakata umeme wa laini: 1 ni kukata mara moja, 5 mara tano, sifuri mara kumi, kwa kasi ya mikato kumi kwa sekunde. HT802 inajua kuhesabu mikato hiyo, lakini sharti uingie kwenye mipangilio uiwashe. Ikitoka dukani imezimwa. Mimi nilikaa siku nzima nikimlaumu fundi kabla ya kugundua hilo. Humo humo unachagua na aina ya duara, kwani Sweden na New Zealand walipanga hesabu zao tofauti na wengine. Ya kwetu ni ile ya kawaida.

Upande wa pili kijana wa jirani alinifungia Asterisk, programu ya kuunganisha simu, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ikawa ndiyo eksichenji ya nyumba. Simu yangu ya mkononi nikaipa namba 24 kupitia programu ya intaneti. Simu ya pili, GPO 746 ya kijivu niliyoipata zamani, iko chumbani kwa mama. Hiyo ni ya 1967 na kuendelea, plastiki, nyepesi, ina mahali pa kushikia ukiibeba. Kwa matumizi ni bora kuliko 332, sauti yake safi, haivunjiki ovyo. Nasema ukweli ingawa moyo wangu uko kwingine.

Kengele ya kwanza ilinifanya nisimame. Nilikuwa nimepanga mlio wa Kiingereza, mikupuo miwili mifupi na kimya cha sekunde mbili, na yale makopo mawili ya kengele yanalia kwa sauti mbili zinazotofautiana kidogo, kwa hiyo hazichoshi sikio. Mtoto alilia. Mama akatoka jikoni akiwa na mwiko mkononi akasema, "Nani kafa?" Kumbe kwake yeye simu ya mezani ikilia usiku ilikuwa msiba. (Tahadhari: usishike nyaya wakati kengele inalia. Umeme unaoipiga unauma. Nimeujaribu bila kupenda.)

Lilibaki lile kufuli. Fundi funguo wa sokoni alitaka kulikata kwa msasa wa umeme, nikamnyang'anya simu. Nikaona niishi nalo, simu iwe ya kupokea tu. Wiki moja baadaye akaja mjomba, karani mstaafu wa bandari. Nikamwamkia, akaitikia macho yakiwa kwenye meza.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Kwa vyuma chakavu, Mjomba. Ila imefungwa, haipigi."

"Nani kasema haipigi?"

Akauinua mkono wa simu, akasikiliza mlio, kisha kwa kidole cha shahada akaanza kugonga kile kitufe kinacholaliwa na mkono. Gonga mara mbili, nukta ya kupumua, gonga mara nne. Kisanduku kikakata laini, akakasirika. Akarudia. Mara ya tatu akaongeza kasi, kidole kikawa kama cha mpiga tari, na simu ya mkononi ikaanza kulia mfukoni mwangu. Namba 24. Alikuwa amekata umeme kwa kidole chake vile vile ambavyo duara lingekata, na kisanduku cha kisasa hakikujua tofauti. Akaniambia ofisini kwao bosi alikuwa anaondoka na ufunguo kwenye mnyororo wa suruali, na kabla gari lake halijatoka getini simu ilikuwa imeshafika Moshi. Kazi ngumu, alisema, ilikuwa sifuri. Kugonga mara kumi bila kukosea na huku unaangalia mlango.

Nimejaribu mimi, sijaweza zaidi ya 3.

Wenzangu tunaobadilishana habari za vitu hivi wana mali kubwa kuliko yangu. Mmoja yuko Mombasa, ana Ericofon ya Sweden, ile iliyosimama kama nyoka na duara lake limefichwa chini ya kitako. Aliikuta kwenye nyumba ya Mji wa Kale iliyokuwa ikibomolewa, watoto wakiichezea mpira. Mwingine ana simu ya kukoroga kwa mkono yenye sanduku la mbao, na sumaku yake bado inatoa umeme wa kumrusha mtu. Nawahusudu, lakini ukiniuliza nibadilishane na kufuli langu, hapana.

Kama unaitaka 332 kwa ajili ya mapambo tu, nunua yenye ufa, usilipe zaidi ya laki, na usiifungue. Kama unataka ipige, pima kwanza duara: vuta sifuri, achia, linatakiwa kurudi bila kusita kwa muda wa sekunde moja na ushee. Likijikokota, mafuta yameganda ndani, na kulifungua duara hilo ni kazi ya fundi wa saa, si ya fundi redio. Angalia na kidroo. Mara nyingi hakipo, na ukikitafuta peke yake utakitafuta sana.

Chumba cha mama mwanzoni kilikuwa namba 32. Nimekibadilisha kuwa 11, maana ndiyo namba ambayo simu ya sebuleni inaweza kuipiga na kufuli lake. Wageni wanaozungusha wanampata yeye, naye siku hizi anapokea kwa kusema, "Stesheni hapa."