SharePoint kama masijala ya ofisi: inapobeba mzigo na inapokwama

Ofisi nyingi zinazolipia Microsoft 365 kwa ajili ya barua pepe na Word tayari zina SharePoint, mfumo wa Microsoft wa kutunza na kushirikishana nyaraka mtandaoni, hata kama hazijawahi kuifungua. Kwa hiyo mkuu wa utawala hana haja ya kuanza kwa kuuliza anunue mfumo gani wa nyaraka. Aulize kwanza kama alicho nacho kinatosha. Kwa ofisi ya watu 20 hadi mia kadhaa, jibu langu ni kwamba kinatosha, ila kwa sharti moja: anayekipanga awe mtu anayeijua masijala, asiachiwe fundi wa kompyuta peke yake. Malalamiko mengi ya watumiaji ukiyafuatilia yanaishia kwenye mpangilio wa siku ya kwanza.

Kosa kubwa hufanyika siku ya kuhama. Diski ya pamoja yenye folda ndani ya folda huburutwa nzima nzima hadi SharePoint, na wiki ya kwanza kila mtu anafurahi. Halafu jedwali la Excel lililofukiwa kwenye Fedha na Utawala, ndani ya Manunuzi, ndani ya mwaka wa fedha, ndani ya Zabuni, ndani ya Tathmini, linakataa kufunguka. SharePoint inakubali anwani nzima ya faili, yaani folda zote pamoja na jina, hadi herufi 400, lakini Excel inagoma anwani ikizidi herufi 218. Faili ni zima kabisa, tatizo ni urefu wa njia. Na hata pale linapofunguka, barua moja inayohusu Manunuzi na Sheria kwa pamoja itakaa folda gani? Karani ataiweka kote kuwili, na baada ya mwezi hakuna anayejua nakala ipi ndiyo yenye marekebisho.

Dawa ni safu badala ya folda, yaani kila faili liwe na taarifa zake kwenye safu, kama mstari wa jedwali. Maktaba (ndivyo SharePoint inavyoliita eneo la kutunzia faili) ya barua zinazoingia inahitaji safu saba tu: kumbukumbu namba, tarehe ya barua, tarehe ya kupokelewa, ilikotoka, namba ya jalada, anayeshughulikia, na hali. Ndicho kile kitabu cha barua zinazoingia ambacho kila karani anakifahamu, ila hiki kinachujika. Kumbukumbu namba lazima iwe na safu yake, kwa sababu namba zetu zina mikwaju (/), na SharePoint hairuhusu mkwaju kwenye jina la faili, wala nukta pacha, nyota, alama ya kuuliza, alama za kunukuu au mstari wima. Barua yenye kumbukumbu ya mtindo wa AB.12/45/01 ikiskaniwa, jina la faili litumie vistari, na namba kamili iandikwe kwenye safu kama ilivyo kwenye karatasi. Asipoambiwa hivyo mapema, kila karani atabuni mtindo wake, na utafutaji utaharibika.

Kuna jambo dogo la kufanya wakati wa kuunda safu ambalo litaokoa siku nzima za kazi baadaye. SharePoint huipa kila safu majina mawili, moja la kuonekana na moja la ndani, na la ndani halibadiliki kamwe. Ukianza na "Tarehe ya Barua", kila nafasi kwenye jina la ndani inageuzwa kuwa x0020 iliyofungwa kwa vistari vya chini, na utaiandika hivyo kwenye kila fomula. Anza na TareheBarua bila nafasi, hifadhi, kisha badilisha jina la kuonekana liwe "Tarehe ya Barua". Watumiaji wataona Kiswahili kizuri, na fomula zitabaki safi.

Sasa namba 5,000, inayoogopwa kuliko inavyostahili. Maktaba moja inabeba hadi vitu milioni 30, kwa hiyo kujaa si tatizo. Tatizo ni mwonekano, yaani orodha iliyochujwa na kupangwa ambayo mtumiaji anaiona, unaolazimisha mfumo upitie zaidi ya vitu 5,000 kwa mkupuo mmoja: unakataa na kutoa ujumbe wa kikomo, na kwenye SharePoint ya mtandaoni kikomo hicho hakiongezwi. Weka faharasa (index), inayouwezesha mfumo kutafuta bila kupitia vitu vyote, kwenye safu za hali, jalada na tarehe ya kupokelewa kabla maktaba haijafika hapo. Kisha fanya mwonekano wa kwanza anaoukuta mtumiaji uchuje kwa safu yenye faharasa, kwa mfano barua ambazo hali yake ni "Inashughulikiwa". Mwonekano wa "vyote" usiwe ndio wa kufungulia.

Kuhusu kuskani, mfumo wenyewe haukuahidi chochote, ila watumiaji hudhani umeahidi. Karatasi iliyoskaniwa ni picha, na utafutaji wa kawaida hauyasomi maneno yaliyo ndani ya picha hiyo ya PDF. Ni lazima maandishi yatambuliwe kabla ya kupandishwa. Skana nyingi za ofisi zina chaguo la kuhifadhi PDF inayotafutika, nalo huwa limezimwa. Liwashe, weka dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), rangi ya kijivu. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 ni pikseli 2480 kwa 3508, na kwa rangi kamili ni takribani MB 26 kabla ya kubanwa, kwa hiyo kuskani kila barua kwa rangi ni kuutesa mtandao bure. Kama skana haina uwezo huo, programu huria ya Tesseract inayo modeli ya Kiswahili, na inasoma vizuri maandishi yaliyochapwa. Dokezo la mkono pembeni mwa barua usilitegemee, andika kiini chake kwenye safu.

Historia ya matoleo ndiyo sehemu ninayoisifia bila kusita. Kila anapohifadhi mtu, toleo la zamani linabaki, na kulirudisha ni kubonyeza "Version history" na kuchagua tarehe. Ile tabia ya kuita faili "Mkataba_mwisho_mwisho2" inakufa yenyewe. Gharama yake ni nafasi. Kwa kawaida maktaba inaruhusiwa kutunza matoleo 500, na kila toleo linahesabiwa. Wasilisho la MB 40 likihifadhiwa mara 50 linaweza kula karibu GB 2. Mgao wa shirika ni TB 1, pamoja na GB 10 kwa kila leseni inayostahili, maana yake watu 50 wana TB 1.5 kwa wote. Kwenye maktaba za picha na video punguza matoleo. Kwenye mikataba, yaache.

Mtandao ukiwa wa kusuasua, watumiaji hukimbilia kuisawazisha maktaba, yaani kuweka nakala yake kwenye kompyuta, kupitia programu ya OneDrive. Inasaidia, lakini hapa kuna mtego unaowachanganya hata mafundi. Ukishaweka safu ya lazima kwenye maktaba, au ukiwasha sharti la kulichukua faili kwa jina lako (check out) kabla ya kulihariri, maktaba hiyo inasawazishwa kwa kusoma tu. Mtumiaji anaona alama ya kufuli, anahariri nakala pembeni, kisha anaituma kwa barua pepe, nanyi mmerudi mlikotoka. Chagueni moja. Maktaba ya rasimu iwe bila safu za lazima na isawazishwe, na maktaba ya masijala iwe na safu za lazima na ifunguliwe kwenye kivinjari tu.

Upande wa mizunguko ya kazi unaendeshwa na Power Automate, chombo cha Microsoft cha kuendesha kazi zenyewe zenyewe, na hapa ndipo furaha na machozi vinapokutana. Mzunguko wa dokezo kutoka kwa afisa kwenda kwa mkuu wa idara hadi kwa mkurugenzi unajengwa kwa asubuhi moja, bila kununua leseni ya ziada mradi viunganishi, yaani huduma ambazo mzunguko unazigusa, ni vya kawaida kama SharePoint, Outlook na idhini. Mkurugenzi anaidhinisha kwenye simu akiwa safarini. Kwa ofisi iliyozoea jalada kulala siku tisa juu ya meza ya katibu muhtasi, hayo ni mabadiliko makubwa.

Lakini mtiririko mmoja (flow, yaani mzunguko mmoja unaoendeshwa na Power Automate) hauwezi kuishi zaidi ya siku 30. Dokezo likimngoja bosi kwa siku 31, mtiririko unakufa kimya. Akija kuidhinisha, uamuzi wake haufiki popote kwa sababu aliyekuwa akiusubiri hayupo tena. Fungua mipangilio ya hatua ya idhini na uweke muda wa kusubiri, kwa mfano P7D, yaani siku saba. Kisha ongeza hatua inayofanya kazi pale tu muda huo unapoisha, imkumbushe mhusika au ihamishie dokezo kwa kaimu. Bora zaidi, usiweke safari nzima ndani ya mtiririko mmoja. Hali ya dokezo ikae kwenye safu, na kila hatua iwe na mtiririko wake mfupi unaoamka hali inapobadilika.

Hapo utakutana na kosa la pili: mtiririko unaoamka faili linapobadilishwa, na wenyewe unalibadilisha faili, kwa hiyo unajiamsha tena na tena. Ofisi inaamka asubuhi na barua pepe mia mbili za idhini ileile. Kinga yake ni sharti la kichocheo (trigger condition), linaloamua mtiririko uamke lini. Kwenye mipangilio ya hatua ya kwanza andika:

@equals(triggerOutputs()?['body/Hali/Value'],'Imewasilishwa')

Kisha hakikisha jambo la kwanza mtiririko unalofanya ni kubadilisha hali iwe "Inashughulikiwa". Lile neno Value ni la lazima kwa sababu safu ya machaguo hurudisha kifurushi, si neno tupu. Ukilisahau, mtiririko hautaamka kabisa, na hakuna ujumbe wa kosa utakaouona.

Majina ya waidhinishaji yasiandikwe ndani ya mtiririko. Tengeneza orodha ndogo yenye cheo, mshika cheo na kaimu, na mtiririko usome humo. Mtu akihamishwa, unabadilisha mstari mmoja badala ya kufungua mitiririko kumi na minne. Na mitiririko yenyewe isimilikiwe na akaunti ya mtu. Akiacha kazi na akaunti yake ikafungwa, miunganisho inakatika, na mtiririko unaoshindwa mfululizo kwa siku 14 huzimwa. Fungua akaunti ya ofisi yenye leseni yake, na umpe mtu wa pili umiliki wa pamoja. Ule wa bajeti unaoamka mara moja kwa mwaka nao uwekeeni alama kwenye kalenda, kwa sababu kwa leseni za kawaida mtiririko usioamka kwa siku 90 huzimwa.

Wakaguzi wa hesabu wakija, msiwaonyeshe historia ya mtiririko. Inatunzwa siku 28 tu. Kila uamuzi uandikwe kwenye orodha yake: nani, lini, alisema nini. Saa nayo iangalieni. Power Automate inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo dokezo lililoidhinishwa saa 4 asubuhi litasomeka saa 1 asubuhi msipoligeuza kwa fomula ya convertTimeZone na eneo la 'E. Africa Standard Time'. Ripoti ya wiki nayo hukosea kwa njia isiyoonekana: hatua ya kuchukua faili huleta 100 za mwanzo tu hadi uwashe chaguo la kurasa (Pagination). Idara yenye barua 130 itaripoti 100, na hakuna atakayeshtuka.

Ruhusa nitazisema kwa ufupi. Kila anayeshirikisha faili kwa mtu mmoja mmoja anavunja urithi wa ruhusa za faili hilo, yaani halifuati tena ruhusa za maktaba yake, na baada ya mwaka hakuna anayeweza kusema nani anaona nini. Nyaraka za siri ziwe na maktaba au tovuti yake, na ruhusa zitolewe kwa vikundi. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalifanya hili kuwa wajibu, hasa kwa majalada ya watumishi na wagonjwa.

Wenye mizunguko ya zamani ya SharePoint 2013 wasihesabu tena juu yake mtandaoni, Microsoft ilipanga ukomo wake kuwa tarehe 2 Aprili 2026. Na kama intaneti yenu hukatika kila siku, SharePoint ya mtandaoni si chaguo. Paperless-ngx, programu huria ya kutunza nyaraka, kwenye seva ya ofisini inatambua maandishi yenyewe inapopokea skani na inatafuta vizuri sana, ingawa mizunguko yake ya idhini ni myepesi. Alfresco, mfumo mwingine wa nyaraka, ina mizunguko ya kweli, lakini inadai fundi wa kudumu.

Kabla ya kuwakabidhi watumiaji, futa folda nzima ya majaribio, kisha mpe karani airudishe. Kilichofutwa hukaa pipani siku 93 kuanzia siku ya kufutwa, hata kikihamia pipa la pili ambalo msimamizi wa tovuti pekee ndiye analiona. Karani akiweza kuirudisha bila kumpigia mtu simu, fungueni milango.