Chakula cha paka mwenye ugonjwa wa figo: kipi ununue kwanza

Daktari wa mifugo akishakuambia figo za paka wako zimedhoofika, kitu cha kwanza kutafuta kwenye lebo ni fosforasi, aina ya madini yaliyomo kwenye chakula. Watu wengi hukimbilia kuangalia protini. Lakini fosforasi ndiyo inayorundikana kwenye damu figo zinaposhindwa kuitoa, na mrundikano huo huzidi kuziumiza. Kwa hiyo nimevipanga vyakula hivi kwa fosforasi kwanza, kisha maji.

Nambari moja ni chakula maalumu cha figo cha majimaji, cha kopo au cha pakiti laini. Hill's k/d, Royal Canin Renal na Purina NF vyote vinapatikana hivyo. Fosforasi imepunguzwa, protini ni ya kiasi lakini nzuri, na takriban robo tatu ya uzito wake ni maji. Paka wa figo hukojoa sana, na maji anayokula humsaidia kuliko yale unayotumaini atakunywa. Hununuliwa kwa ushauri wa daktari, kwa kawaida ugonjwa unapofika hatua ya pili kati ya nne.

Nambari mbili ni chakula hichohicho kikiwa kikavu, kwa paka asiyetaka kabisa cha majimaji. Kinyunyizie chakula maji ya vuguvugu na umwekee paka bakuli za maji sehemu kadhaa.

Akikataa vyote viwili, nenda nambari tatu: chakula cha kawaida cha majimaji chenye fosforasi ndogo. Hapa usinunue bila kupiga hesabu. Tuseme kopo limeandikwa fosforasi asilimia 0.2 na unyevu asilimia 80, na mfuko wa chakula kikavu umeandikwa 0.9 na unyevu 10. Kopo linaonekana bora mno. Toa maji ubaki na sehemu kavu tu, yaani 20 na 90 katika kila mia: 0.2 gawanya kwa 20, na 0.9 gawanya kwa 90. Sehemu kavu ya vyote viwili ina fosforasi asilimia 1, wakati vyakula vya figo huwa karibu na nusu ya hapo. Neno "wazee" kwenye lebo halikuhakikishii chochote. Ukiona fosfati zilizoongezwa, kama sodiamu fosfati, rudisha kopo rafuni, kwa sababu hizo hufyonzwa haraka kuliko fosforasi iliyomo kwenye nyama yenyewe. Daktari anaweza kuongeza dawa ya kuzuia fosforasi isifyonzwe, inayochanganywa na chakula, usijiamulie mwenyewe.

Cha kupika nyumbani nakiweka nambari nne. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mlo usiopangwa vizuri hupungukiwa na taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kukosa. Pika tu kwa fomula ya daktari wa lishe ya wanyama, na kitunguu kisikaribie sufuria. Nyama mbichi yenye mifupa, na vyakula vikavu vinavyojisifu kwa protini nyingi, usinunue kabisa.

Kabla ya kununua katoni, chukua kopo mojamoja la ladha tofauti. Changanya kidogo kidogo na chakula alichozoea, kwa wiki kadhaa ikibidi. Usianze siku anazotapika wala akiwa amelazwa, maana atakihusisha na kichefuchefu na hatakigusa tena. Kipashe moto kidogo ili harufu itoke. Akisusa, mrudishie kile anachokula, kwa sababu paka akikaa na njaa siku chache ini lake linaweza kujaa mafuta, na hilo huua upesi kuliko fosforasi. Siku nzima bila kula, mpeleke kwa daktari.