TAHADHARI: tapeli wa tiketi za boti za Bequia na Union Island

Wadau mnaokimbia baridi kwenda St Vincent na visiwa vya Grenadines kule Karibi (Bequia na Union Island vimo humo), someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anajiita wakala, ana ukurasa Instagram umejaa mapicha ya bahari, anawauzia Waswahili wa Canada na Marekani pakeji: feri ya Bequia, teksi, na siku mbili Union Island. Rafiki zangu wa Toronto wamelipa, wamefika, hola.

Anachocheza nacho ni mazoea yetu. Sisi tumezoea boti za Dar kwenda Zanzibar, unakata mapema, kitambulisho mkononi, bei ya mgeni mbali na ya mwenyeji mbali, sasa mtu akikwambia siti zinaisha tuma dola 70 leoleo unaona sawa tu. Kumbe feri ya Kingstown, mji mkuu wa St Vincent, kwenda Bequia ni safari ya kama saa moja, watu wanakata tiketi palepale wakifika, na kwenda tu haifiki hata dola 15 za Marekani! Ile karatasi yake ya "VIP" mabaharia waliigeuzageuza wakacheka, wakawaambia kalipieni kama wenzenu.

Eti boti inakupokea uwanja wa ndege. Jamani, Argyle, ndio uwanja wenyewe, iko upande wa mashariki wa St Vincent ambako Atlantiki inapiga moja kwa moja, hakuna feri hapo, za Bequia zinatoka Kingstown na kufika huko lazima uchukue teksi au kibasi. Na ratiba aliyowatumia Jumapili ni sawasawa na Jumatatu, wakati Jumapili boti zinapungua, ndege yako ikichelewa unalala Kingstown na hoteli unalipa mwenyewe.

Jingine, ukimuuliza bei anajibu "dola" basi. Kule wana dola yao ya East Caribbean, moja ya Marekani ni 2.70 ya kwao, imefungwa hivyo tangu 1976. Kwa hiyo kitu cha 80 ya kwao yeye anakukata 80 ya Marekani, karibu mara tatu, na risiti hakuna. Ulizeni kila mara dola ya nani, hata kwa dereva muungwana.

Ila ya Union ndiyo imenikera zaidi. Picha zake ni za kabla ya kimbunga Beryl cha tarehe 1 Julai 2024, kilichoezua mapaa karibu kisiwa kizima, na yeye bado anauza vyumba kwa picha hizo kama vile hakuna kilichotokea, watu wamepoteza nyumba yeye anatafuta kamisheni. Hoteli walipoipigia, majina yao hayapo.

Malipo anataka kadi za zawadi au Western Union tu. Kuna wachache walimbana wakalipa kwa kadi ya benki, nyie pigieni benki leo mpinge muamala. Juzi kabadilisha jina la ukurasa, picha zilezile, safari hii anauza Carriacou, kisiwa cha jirani upande wa Grenada.